Siku Nilipotia Haki Mahali pa Sawa

Vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie mambo niliyojifunza kazini. Nikawaambia niliyojifunza yanaenea ukurasa mmoja. Niliyokosea ndiyo yanayotaka daftari. Wakasema, "Basi, Mama Salome, tuandikie uliyokosea." Hawana adabu, lakini wana akili. Nimestaafu mwaka huu, chai ninayo, na meza ya jikoni ni yangu mchana kutwa. Nianze.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Mtu anasema kwa Kiingereza, mimi natoa Kiswahili. Mtu anasema kwa Kiswahili, mimi natoa Kiingereza. Nilizaliwa Singida, nikafundisha sekondari Dodoma, kisha nikamfuata mume wangu Maryland. Tukaweka makazi Riverdale Park, karibu na reli kiasi kwamba vikombe vyetu hupiga soga treni inapopita. Nilipoomba kazi nilidhani kujua lugha mbili kunatosha. Kumbe ni kama kuwa na mikono miwili: wenye mikono ni wengi, mafundi cherehani wachache.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mahakamani Upper Marlboro. Mshtakiwa alikuwa kijana wa Kikenya aliyepita taa nyekundu. Nilivaa suti ya kijivu na viatu vya kisigino kirefu, kosa langu la kwanza, maana mkalimani husimama kuliko mlinzi. Nyuma ya chumba alikaa mtu aliyetumwa kunisimamia, mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi aliyevaa tai hata siku za joto kali. Sote tulimwita Papa Mukendi.

Hakimu akauliza kama mshtakiwa alipita taa. Kijana akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa, nilipita. Nilikuwa nampeleka mke wangu hospitali, anajifungua."

Nami nikasema kwa Kiingereza, "Anasema alipita. Anasema mke wake alikuwa anajifungua."

Hakimu akanitazama. "Nani anasema?"

Sikuelewa swali. Wakati wa mapumziko Papa Mukendi aliniita pembeni. "Mama, pale hakuna 'anasema'. Yeye akisema mimi, na wewe unasema mimi. Ile njo kazi yetu."

Basi tuliporudi nikasimama wima, nikamtazama hakimu, nikatangaza kwa sauti ya darasani, "Mheshimiwa, mimi nilipita taa nyekundu kwa sababu mke wangu alikuwa anajifungua!" Hakimu aliniangalia, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye mvi, akasema, "Hongera sana. Ulipata mtoto gani?" Kijana akajibu, nami nikatafsiri kwa fahari: "Nilipata msichana." Chumba kizima kilicheka, kijana akasamehewa, nami nikaenda nyumbani na malengelenge miguuni na furaha isiyo na mfano.

Papa Mukendi ndiye aliyenilea kazini. Alijua Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, na lugha ya nne aliyoitumia kugombana na gari lake tu. Alinifundisha vifaa. Daftari linalofunguka kwa juu, ili usihangaike na kurasa. Penseli mbili, kwa sababu kalamu ya wino hufa katikati ya sentensi ya mtu mkubwa. Pipi za tangawizi kwa ajili ya koo. Viatu bapa. Na alama: mkalimani haandiki maneno, hana wakati, anachora. Duara ni nchi. Mshale wa kupanda ni kuongezeka. Mistari miwili sambamba ni sawa. Mizani ndogo ni haki. Alama hizi mbili za mwisho zikumbukeni.

Baada ya mahakama nilianza kupelekwa mji mkuu wa Marekani, kwenye jengo lenye kuba jeupe, kuwasindikiza wageni waliokuja kuangalia jinsi Bunge la hapa linavyofanya kazi. Huko nilikosea kwa furaha miezi kadhaa. Mara ya kwanza nililiita Bunge la juu "chumba cha juu", na mabwana wawili kutoka Morogoro wakaanza kupanda ngazi. Siku nyingine nikatafsiri cheo cha mnadhimu wa chama kwa neno lake la Kiingereza kama lilivyo, nikasema, "Na huyu ndiye mjeledi." Wageni wakampa mkono kwa uangalifu mkubwa.

Lakini kosa langu kubwa lilikuja na wageni wanane kutoka Kenya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mwezi wa Aprili, asubuhi koti, mchana jasho. Kenya ilikuwa inahangaika na katiba mpya, na mojawapo ya maswali lilikuwa kama nchi iwe na Bunge la pili, la kuwakilisha maeneo. Shirika moja la hapa mjini likawaalika wanane hao waone Seneti, yaani Bunge la juu la hapa. Mwisho wa juma walitakiwa kuandika pendekezo moja la pamoja. Wengi wao walijua Kiingereza, watatu hawakujua, wakakubaliana kila kitu kisemwe kwa Kiswahili ili asiachwe mtu.

Wawili ndio waliobeba safari ile. Mwalimu Kariuki alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Nyeri, kwenye watu wengi na mashamba madogo. Mtu wa hesabu, Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Mama Dahabo alitoka mbali kaskazini, kupita Marsabit, alikokuwa kiongozi wa akina mama wafanyabiashara wa mifugo. Kiingereza hakukijua. Kiswahili alikuwa amejifunzia mnadani, na alikitumia vilevile: bei kwanza, salamu baadaye.

Asubuhi ya kwanza nilisema "majimbo ya Marekani". Mwalimu akaniinamia. "Mama, kwetu hilo neno lina moto. Watu wamefukuzana kwa sababu yake. Tumia lingine." Kwa sisi Watanzania jimbo ni pale mbunge anapochaguliwa, basi. Tukakubaliana kusema "steti", kama wanavyosema watu wetu wote wa hapa. Ushauri wangu kwenu: ulizeni maneno kabla ya kuyatumia, hasa yale mnayodhani ni mepesi.

Jumatano tulikutana na mama mmoja aliyefanya kazi ya ukarani katika Seneti kwa miaka mingi, mwembamba, miwani imening'inia shingoni. Alieleza vizuri. Steti ya Wyoming, alisema, ina watu wachache kuliko kaunti moja tu ya Maryland. Nikashtuka kidogo, maana kaunti aliyoitaja ni Prince George's, yangu. California ina mamilioni kwa mamilioni. Lakini Wyoming ina maseneta wawili, na California wawili. Mama Dahabo alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti. Karani akamalizia na sentensi moja, nami nikaitoa hivi:

"Katika Seneti, kila steti, kubwa au ndogo, inawakilishwa kwa haki."

Mama Dahabo akajipiga goti. "Umesikia, Mwalimu? Wenyewe wanasema ni haki!"

Mwalimu Kariuki akasimama polepole. "Samahani. Huyu mama hakusema haki. Alisema sawa. Hiyo haki ni ya mkalimani."

Nilitazama daftari. Mistari miwili sambamba. Hapakuwa na mizani popote katika ukurasa ule.

Karani aliuliza kuna nini. Nyuma yangu Papa Mukendi, aliyekuwa mwenzangu wa zamu siku hiyo, hakusogea. Ningeweza kujitetea kwamba kwetu maneno hayo hutembea pamoja, haki sawa, haki sawa, hata ulimi ukateleza. Isingekuwa kweli. Siku tatu nilikuwa nimemsikiliza Mama Dahabo akieleza kisima kilichokauka na zahanati isiyo na dawa, na mimi ni mtu wa Singida. Najua mahali panapokumbukwa mwisho. Nilitaka ashinde.

Kanuni ni kwamba mkalimani akikosea anajisahihisha mwenyewe, mbele ya wote, kwa lugha zote mbili. Na hapo tu ndipo haruhusiwi kusema mimi. Nikasema, "Mkalimani anaomba radhi. Msemaji alisema sawa. Neno haki halikuwa lake." Kisha nikarudia kwa Kiingereza.

Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Humu ndani watu wamegombania tofauti ya maneno hayo mawili tangu nianze kazi," alisema. "Nyinyi mmeifikia kabla ya chai."

Mama Dahabo yeye hakucheka. "Sasa hiyo haki ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwangu, mama."

"Kwa hiyo wewe unaona ni haki?"

"Mkalimani haoni, mama."

"Kila mwenye macho anaona," akasema, akageukia dirishani.

Tulipotoka, Mwalimu alizungumza na kiongozi wa msafara. Hakupaza sauti, na ndiyo maana nilisikia vizuri. Alitaka mkalimani mwingine kuanzia kesho. Hakuwa na ubaya nami, alisema, ila pendekezo lao lingesomwa na watu wenye shaka, na hakutaka mtu aje kusema waliwekewa maneno mdomoni. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndicho kilichouma.

Papa Mukendi alinikuta kwenye korido nikikunja daftari. "Unajua sababu gani ulikosea? Si kichwa. Roho."

"Najua, Papa."

"Roho ni muzuri. Lakini asubuhi uiache kwa nyumba. Jioni utaikuta palepale, haitaenda popote." Akanipa pipi ya tangawizi. "Minaomba wakuache umalize siku. Kesho tutaona."

Basi tukapanda gari. Dereva wetu juma zima alikuwa Curtis, Mmarekani mweusi mwenye mabega mapana, aliyetupitisha katika foleni kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mlango ulipofungwa tu, Mwalimu na Mama Dahabo wakaanza.

"Mtoto wangu ni mmoja na wako ni mmoja," Mwalimu akasema. "Kwa nini kura ya wako iwe na uzito mara kumi?"

"Na wangu alipotembea siku nzima kufika shule, nani alimhesabu hata mara moja?" Mama Dahabo akajibu. "Barabara inakwenda penye kura nyingi. Nikingoja tuwe wengi, nitakufa bila kuona lami."

"Lakini mawe hayapigi kura, mama!"

"Na mimi ni jiwe?"

Curtis akanitazama kwenye kioo. "Wanagombana nini?" Nikamweleza. Akacheka kicheko kirefu, akasema waulize kama wanataka kujua seneta wake ni nani. Nikauliza.

"Nani?" Mama Dahabo akasema.

Curtis akajibu akiendesha, nami nikamfuata sentensi kwa sentensi, safari hii nikiuchunga ulimi kama anayebeba maji kwa kiganja. "Mimi nimezaliwa mji huu. Mama yangu kazaliwa mji huu. Nilikwenda vitani nikiwa na miaka kumi na tisa. Nalipa kodi kama kila mtu. Na sina seneta."

"Hata mmoja?"

"Hata nusu. Mji huu si steti. Kule Bunge la chini tuna mjumbe mmoja. Anaruhusiwa kuongea, lakini sheria ikipigiwa kura ya mwisho, yeye anaangalia."

Mwalimu alikunja uso. "Labda kwa kuwa ni wachache sana."

"Sisi ni wengi kuliko Wyoming," nikasema kwa sauti ya Curtis.

Nilimwona Mwalimu akipiga hesabu. Curtis alipata nafasi kando ya barabara, akaegesha, akatuashiria tushuke. Akatupeleka nyuma ya gari, akaonyesha kibao cha namba. Tulikuwa tumepanda gari lile tangu Jumapili na hakuna aliyekisoma, pamoja na mimi, niliyelipwa kutafsiri kila kitu. Chini ya namba paliandikwa maneno matatu, yale yale yaliyo kwenye vibao vingi vya mji huu.

Mama Dahabo akauliza yanasemaje. Mwalimu akajitosa mwenyewe. "Kodi... kulipa kodi bila... ya kuwa na..." Akarudi mwanzo. "Kodi isiyo na mtu wa..." Akavua kofia, akajikuna. Wenzake saba na dereva mmoja wakamngoja, magari yakitupita. Mwishowe akanigeukia.

"Mama Salome. Wewe ungesemaje?"

"Kutozwa kodi bila uwakilishi."

Akaisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Hapo hukuongeza kitu," akasema.

"Wala sikupunguza, Mwalimu."

"Wala hukupunguza." Akavaa kofia yake. Suala la mkalimani mwingine halikutajwa tena, si siku ile wala baadaye.

Mama Dahabo alikuwa tayari amemshika Curtis mkono. "Huyu ni wangu. Yupo karibu na ikulu lakini amesahauliwa kama mimi niliye mbali."

"Hapana, ni wangu," Mwalimu akasema. "Ni wengi na hawahesabiwi. Hilo ni kosa la hesabu!"

Walimgombania Curtis mpaka hotelini. Curtis alifurahi mno. Alisema katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kugombania kumwakilisha.

Ijumaa walikaa kuandika. Nilidhani watachukua siku nzima, walichukua asubuhi. Mama Dahabo alisema, "Nyumba mbili. Moja ihesabu watu, nyingine ihesabu mahali. Na sheria ipite kote kuwili." Mwalimu aliandika kwa mwandiko wa ubaoni. Walipofika kwenye ile sentensi, kila eneo liwakilishwe vipi, kalamu ikasimama. Wote wanane wakanitazama. Nikatazama dari.

"Andika sawa," Mama Dahabo akasema mwenyewe. "Sawa inahesabika. Haki waje waibishanie watoto wetu."

Jumamosi niliwaalika nyumbani Riverdale Park. Niliandaa ugali, mchicha na mbuzi wa kuchoma, Mama Dahabo akaninyang'anya sufuria ya chai kwa sababu maziwa yangu yalikuwa kidogo. Curtis na mkewe Denise walileta pai ya viazi vitamu. Binti yangu Salome, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote, aliulizwa na Mwalimu maseneta wake ni nani. Hakujua. Mwalimu akamsomesha palepale, na kumpa mtihani kabla ya pai. Papa Mukendi alicheza rumba na Denise kati ya sofa na televisheni. Treni ilipopita vikombe vikagonganagongana, wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya muziki.

Miaka ilikwenda. Rasimu ya katiba waliyoirudia nyumbani ilibadilishwa, ikapelekwa kwenye kura, ikakataliwa. Niliisikia habari hiyo nikiwa kwenye treni na nikakosa kituo. Walikuja Wakongo, ambao nao walikuwa wanapanga Seneti ya kuwakilisha majimbo yao, na Papa Mukendi akawatafsiria watu wa kwao bila kutikisika sauti hata mara moja, kisha akaenda kulia maliwatoni kwa dakika tano na kurudi na tai iliyonyooka. Ilikuwa zamu yake ya mwisho, naye aliifurahia kuliko zote. Yangu ilikuja mwezi wa tano mwaka huu. Mliniletea keki iliyoandikwa "Mama Salami". Ilikuwa tamu.

Agosti, Jumamosi asubuhi, simu ikalia.

"Mkalimani!" Hata salamu hakunipa. "Katiba imepita. Wamekubali. Kila kaunti seneta mmoja, kubwa mmoja, ndogo mmoja."

"Mama Dahabo! Hongera! Na Mwalimu Kariuki anasemaje?"

"Yeye ndiye alinipigia kwanza. Alipiga kura ya ndiyo, halafu akanieleza kwa nusu saa kwa nini hesabu yake bado ina shida." Akacheka. "Na yule dereva wetu? Wamempa?"

"Bado, mama."

"Bado! Mpe simu nimpe pole."

Nilimwambia kwamba Curtis anakaa ng'ambo ya mto, si chumba cha pili. Akasema atangoja. Basi nikachukua ufunguo, nikaenda. Denise alifungua mlango akiwa na aproni, Curtis akazima televisheni, tukampigia Mama Dahabo na kuweka simu mezani, sauti imefunguliwa.

"Mwambie nimefurahi kama niliyepewa mimi," Curtis akasema. Nikasema.

"Mwambie sisi tumengoja sana. Asinyamaze."

"Mwambie sijawahi kunyamaza. Amuulize mke wangu."

"Ni kweli," Denise akaitikia kutoka jikoni, nikaitafsiri hiyo pia.

"Na mkewe naye hana seneta?"

"Sina," nikajibu kwa niaba ya Denise.

"Basi nyumba nzima! Mwambie tunao arobaini na saba sasa. Akikwama, tutamwazima mmoja."

Curtis alicheka hadi akaegemea ukuta, akataka kujua huyo wa kuazima anapenda kula nini. Mama Dahabo akataja. Denise akatoka jikoni na mwiko mkononi kusikiliza. Wakaingia kwenye mifugo, kisha kwenye wajukuu, wote watatu wakisema kwa mpigo, nami nimesimama katikati ya sebule ya watu nikisema mimi, mimi, mimi kwa sauti zao, bila daftari, mkono ukipapasa mfukoni kutafuta penseli. Yalikwenda dakika arobaini. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari nilipokumbuka kwamba nimestaafu.